Mtani Aliponiambia Pole

Jumatatu, 3 Julai 1989

Nimeamka kabla ya king'ora cha kiwanda. Baridi kali. Nimebadilisha kitambaa peke yangu, mlango nimeufunga kwa ndani. Kilikuwa kimeganda tena. Nimekivuta, kikatoka na ngozi. Nimeuma mto.

Uvimbe uko ubavuni, kushoto, chini ya kwapa. Mwaka jana ulikuwa kama harage. Sasa ni kama ngumi, na tangu Pasaka umefunguka. Daktari aliniambia kwa upole kwamba kuukata hakutasaidia. Sikumwambia Odile.

Odile ni binti yangu. Tangu afiwe na mumewe tunakaa pamoja, yeye na mimi, katika nyumba hii ya mtaa wa Panda. Kila asubuhi huacha beseni la maji ya moto nje ya mlango wangu, hugonga mara moja, huondoka. Kwetu mtoto haoni mwili wa baba yake. Desturi hiyo imenisaidia sana kumficha jambo hili.

Harufu naizuia kwa kafuri. Ukiacha daktari, mtu wa kwanza kuuona uvimbe huu atakuwa rafiki yangu Mwape, siku ya kuniosha, nami nitakuwa nimekwisha kufa. Ndivyo nilivyopanga.

Jumatano, 5 Julai

Odile ameuliza shuka la bluu limekwenda wapi. Nimesema sijui. Nimelichana vipande wiki mbili zilizopita. Nimechoka kusema uongo mdogo mdogo. Uongo mkubwa ungekuwa rahisi zaidi.

Alasiri Mwape alikuja. Alisimama mlangoni na kofia yake ya zamani ya tanuri.

"Weye maiti, ungali unapumua? Minye nilishavala nguo ya matanga."

Mimi ni wa ukoo wa Samaki, yeye ni wa Mamba. Kwa hiyo ni mtani wangu. Ana haki ya kunitukana popote, hata kanisani, na siku nikifa ni yeye atakayeniosha na kunivika. Amekuwa akinikumbusha tangu tulipokuwa vijana kiwandani, yeye kwenye tanuri, mimi kwenye karakana ya kuchonga vielelezo vya mbao ambavyo chuma kilimiminwa kwa umbo lavyo. Anasema atanisugua kwa mchanga. Anasema atawaambia waombolezaji wote jinsi matako yangu yalivyo.

Nimecheka. Kucheka kunauma upande ule. Nadhani aliona nilivyojishika.

Jumamosi, 8 Julai

Nimetoka nyumbani kwa mara ya kwanza tangu Mei. Mwape alikuja na habari ya filamu. Kuna mtu nyuma ya kampi ya wafanyakazi mwenye televisheni na kaseti. Ameweka mabenchi ndani ya ghala na watu hulipa kuingia. "Kuna filme ya muntu anageuka," alisema. "Twende tuone mwenzako."

Nilikwenda kwa fimbo. Tulipumzika mara nyingi njiani. Ghalani kulikuwa na vumbi, karanga, watoto wa shule, wanaume wa zamu ya usiku ambao hawakutaka kulala.

Filamu ilikuwa ya Kifaransa. Fundi wa kutengeneza vinanda anapatwa na ugonjwa wa mifupa. Mifupa inakua, haikomi. Kwanza vidole. Kisha mabega. Kisha mbavu zinatoboa ngozi na kutoka nje kama vidole vingine. Watu ghalani walipiga kelele. Kijana mmoja alisema ni bulozi, uchawi tu, muulizeni jirani yake. Wote wakacheka.

Fundi huyo ana mke, mshonaji. Kila umbo lake linapobadilika, mke anamshonea shati jipya. Anaongeza mkono mahali ambapo bega limehama. Anaacha nafasi mgongoni kwa ajili ya kile kinachotokea. Hasemi mengi. Anapima, anakata, anashona.

"Yule bibi iko na moyo," Mwape alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Bibi yangu angelishakimbia mpaka Kolwezi."

Karibu na mwisho mtu yule hana uso tena. Hawezi kusema. Mke anakuja na utepe wa kupimia, kama kawaida, lakini anasimama tu. Hajui aanzie wapi, kwa sababu hakuna tena mahali pa shati. Basi kile kitu kinanyosha kitu kingine, ambacho zamani kilikuwa mkono, kinashika ncha ya utepe. Kinamshikia. Ili apime.

Nililia. Sikulia polepole kama wazee. Nililia kwa sauti. Mwape alinitazama, akanifunika kichwa kwa koti lake, akawaambia waliogeuka kwamba mzee ameingiwa na moshi.

Hakukuwa na moshi.

Jumapili, 9 Julai

Leo pia sikwenda misa. Sina nguvu baada ya jana.

Nataka kuelewa nililia nini. Nimesoma kwa mapadre miaka mingi, nimefundisha, nimechora michoro ya mashine ambazo sikuwahi kuziona. Si mtu wa kudanganywa na televisheni. Tena najua jinsi vitu vile vinavyotengenezwa. Niliona mshono shingoni ambapo mpira ulikutana na ngozi ya kweli. Niliona mng'ao wa gundi. Mbavu zile zilimiminwa ndani ya kalibu ya plasta, na kielelezo chake kilichongwa na mtu mwenye patasi ndogo na subira kubwa, mtu kama mimi. Alikaa siku nyingi akitafuta rangi halisi ya usaha. Njano, halafu kijani kidogo pembeni. Aliipata. Naijua rangi hiyo.

Nadhani ndicho kilichoniliza. Kwamba mtu alikaa na uozo ule, akaushika, akautazama kwa karibu, akaufanyia kazi vizuri. Na yule mwigizaji, alipoweka mkono juu ya mbavu zile, mbavu zilibonyea. Kitu kilikuwapo chumbani pamoja naye. Hakuambiwa ajifanye anakiona. Alikiona, akakigusa, hakuutoa mkono.

Mimi hakuna aliyenigusa tangu Pasaka, ila kunipa mkono.

Jumatano, 12 Julai

Padre amekuja kuniungamisha. Odile ndiye aliyemwita. Basi anajua kwamba nakufa, ila hajui kwa nini. Nilimpa padre dhambi ndogo ndogo. Hasira, kiburi, misa nilizokosa. Ni kijana mwema. Alikaa mbali kidogo, karibu na dirisha. Kafuri haitoshi tena.

Sikumwambia jambo lenyewe. Naliandika hapa. Ninaona aibu. Si aibu ya tendo lolote. Ni ya nyama hii. Naona aibu kama msichana. Nimekuwa mtu safi maisha yangu yote, shati jeupe hata karakanani, wenzangu walinicheka kwa hilo. Na sasa nanuka. Ningependa kufa nikiwa nimefunikwa vizuri.

Na wakati huohuo nataka mtu mmoja aone. Mmoja tu, wakati bado niko ndani ya mwili huu na ninaweza kumtazama usoni.

Alhamisi, 13 Julai

Homa. Bukari, ugali wetu, imenishinda. Chai tu.

Nitamwonyesha Mwape. Ni haki yake. Ataona tu baadaye, kwa nini asione sasa. Na atanitukana. Nahitaji anitukane.

Ijumaa, 14 Julai

Nimemwonyesha.

Alikuja saa tisa. Alianza kama kawaida, akauliza kama sanduku langu liwe la mbao au la mabati. Nikamwambia afunge mlango. Nikavua shati, nikafungua kitambaa, nikainua mkono wa kushoto kadiri nilivyoweza.

Alitazama muda mrefu. Nilikuwa nikisubiri. Nilikuwa hata nimeandaa jibu langu, tusi zuri, la mama yake.

Akavua kofia. Akasema, "Pole, ndugu yangu."

Pole. Na ndugu yangu.

Tangu tujuane hajawahi kuniita ndugu. Mtani hasemi pole. Watu wengine wote wana ruhusa ya kusema pole: padre, binti, majirani, daktari. Mke wangu alipokufa, Panda nzima ilisema pole, na Mwape aliingia amevaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akanidai chakula kwa sauti yake, mpaka nikacheka mbele ya maiti. Ndiyo kazi yake. Kwa hiyo leo aliposema pole nilielewa kwamba ameacha kuwa mtani wangu. Aliona kitu ambacho hakiwezi kutaniwa. Basi ni kibaya hivyo.

Alinisaidia kuvaa shati. Akaondoka bila kunywa chai.

Jumapili, 16 Julai

Hakuja jana. Hakuja leo.

Jumanne, 18 Julai

Hakuja. Odile anauliza kama tumegombana. Nimesema ndiyo, kwa ajili ya siasa. Amenitazama kama anayemtazama mjinga. Hakuna anayegombana kwa ajili ya siasa katika nchi hii, si kwa sauti.

Nilikosea. Ningemwachia anione nikiwa nimekufa. Maiti haisikii ukimya wa mtu anayeiosha.

Nafikiri juu ya yule mtengenezaji wa mbavu za mpira. Kwake ilikuwa rahisi. Jioni alinawa mikono, akaenda kula.

Hapana. Hilo ni neno la uchungu, si kweli. Sijui alikwenda na nini nyumbani.

Kitambaa kimelowa usiku kucha. Sina shuka lingine la kuchana bila Odile kujua.

Alhamisi, 20 Julai

Naandika polepole, mkono hautii.

Nilikuwa nimelala. Nikasikia sauti yake uani, kwa nguvu, ili mtaa usikie:

"Odile, nani aliacha samaki kwa jua? Minye nasikia harufu tangu kule kwa barabara. Samaki imeoza."

Mlango ukafunguliwa. Mwape alikuwa na ndoo, sabuni, na magazeti ya zamani chini ya kwapa. Macho mekundu. Alikuwa amekunywa, au alikuwa amelia, au yote mawili.

"Minye mamba sikulaka samaki ya kuoza," aliniambia. "Lakini na hii njaa ya sasa, tutafanya je?"

Nikamwambia mamba wa ukoo wake hawana meno, tangu babu yao. Sauti yangu haikutoka vizuri. Alisikia lakini.

Akanivua shati. Akaniosha. Alitukana kila sehemu aliyoigusa, moja baada ya nyingine: mbavu, kitovu, mgongo. Alipofika kwenye kidonda alisema mke wangu alifanya vizuri kutangulia, asingekubali kitu hiki kitandani mwake. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, na alikuwa akitukana. Nami nilicheka mpaka nikatapika chai.

Baadaye, alipokuwa akikunja magazeti, nilimwuliza kwa nini alisema pole. Alisema, "Minye nilisahau kazi yangu." Akasema siku zile zote alikuwa nyumbani akitafuta tusi. Kila alilolipata lilikuwa dogo mno.

Ijumaa, 21 Julai

Amekuja tena. Ameniosha tena. Odile sasa anachemsha maji na chumvi, analeta mpaka mlangoni, na haondoki. Nakiona kivuli chake chini ya mlango. Leo ameuliza kutoka nje:

"Tata Mwape, iko namna gani?"

"Iko mubaya, mwanangu. Kubwa sawa ngumi ya baba yako, na yeye hajapigaka muntu."

Halafu nikasikia anavuta pumzi puani, kama mtu anayezuia mafua.

Alijua. Nadhani alijua tangu shuka la bluu.

Jumapili, 23 Julai

Maji yalipoletwa nilimwambia aingie.

Mwape alikataa. "Kwetu haifanyikake." Hakuwa anatania. Nikasema najua. Nikasema wajukuu wangu wako Kinshasa, mke wangu yuko makaburini, na huyu ndiye niliye naye. Alifikiri. Kisha akageukia ukuta, akasema yeye hataona jambo lolote, yeye ni mamba, yuko chini ya maji.

Odile aliingia akitazama sakafu. Aliweka beseni chini. Nilikuwa kifua wazi, mkono umeinuliwa, natetemeka kwa baridi. Sikujifunika. Hilo ndilo gumu kuliko yote niliyofanya mwaka huu, na hakuna aliyelijua ila mimi.

Akainua macho. Alitazama kile kitu. Alikitazama chote, pembeni na katikati. Kisha alinitazama usoni, na ulikuwa ni uso uleule anaonitazama nao mezani.

"Baba," alisema, "kama kitambaa inashikamana, usivute. Uilowanishe kwanza. Ngozi imetoka pembeni, sababu gani ulikuwa unavuta?"

Alipiga magoti, akachukua kitambaa kutoka mkononi mwa Mwape, akaanza.

Jumatano, 26 Julai

Maumivu makubwa usiku. Asubuhi yamepungua.

Mwape amekwenda Kakontwe kumwona dada yake, atarudi Jumamosi. Ameniamuru nisife kabla.

Umeme umekatika tangu mchana. Odile ameketi kwenye kiti karibu na kitanda, alisema kwa dakika chache tu. Amelala. Kichwa kimeanguka upande, mdomo wazi, kiatu kimoja kimetoka mguuni. Sijamwona akilala tangu alipokuwa mtoto. Ana mvi nyuma ya sikio, ambazo sikuzijua. Anakoroma kidogo.

Maharage yako jikoni juu ya makaa. Nadhani yanaungua. Sitamwamsha.