Mtoto Asiyejibu Kamwene

Bi mkubwa wangu,

Nakuandikia mbio mbio maana shangazi ameshafunga begi la Tumu. Kesho anaondoka naye kwenda Igwachanya, akakae huko moja kwa moja, na mimi hapa Lyamkena kichwa kinawaka moto.

Unakumbuka wageni walivyokuwa wakiingia kwetu na salamu yao? "Kamwene!" Tumu kimya. "He, kana dharau haka!" Wewe unacheka tu, macho yanamfuata mdogo wangu. Babu akiingia, Tumu anamsogezea kiti kirefu, maana goti lake halikunjiki. Mama mdogo analetewa kile kikombe cha bluu anachokipenda. Hakuna aliyemfundisha. Ukawa unawaambia, "Ameshajibu huyo. Nyie ndio hamsikii."

Ulipofariki, watu wakasema mbele yake pale pale msibani, "Afadhali huyu, haelewi kitu." Haelewi! Mama, kila jioni alikuwa anatandika blanketi lako kwenye kiti chako karibu na jiko la mkaa, anakaa chini, anaangalia mlango. Hivyo hivyo, wiki baada ya wiki. Halafu siku moja, baridi ya huku kwetu Makambako inang'ata kweli kweli, akalichukua blanketi, akamfunika baba miguu. Kiti chako akakigeuza kikatazama ukuta. Na mlango hajauangalia tena. Baba alilia mpaka nikatoka nje.

Unanijua, fundi simu wa kujifundisha mwenyewe, kitu kikinishika situlii. Nikasoma, nikasoma. Hali yake inaitwa usonji. Maneno yamechelewa, akili ipo! Nikampeleka Njombe kwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Yule mwalimu wala hakumlazimisha salamu. Alimpangia picha mezani, akamwacha. Tumu akaziangalia weee, akachukua ya maji, akampa mkononi. Akaletewa maji. Ungeuona uso wake, mama! Alikunywa huku ameishikilia ile picha, hataki kuiachia. Mwalimu akasema nafasi ya bweni ipo, ila mzazi aje mwenyewe.

Baba kagoma. "Salamu tu hawezi, shule ataenda kufanya nini? Dada yangu atamlea."

Na shangazi si mbaya. Anampenda, atamwogesha, atamshibisha viazi. Ila jana kanishika bega akasema, "Mwanangu, huyu tumpende tu, tusimsumbue na masomo." Yaani maneno yale yaliniuma kuliko mchanga ulivyogonga jeneza lako. Watampenda hivyo hivyo mpaka azeeke, na hakuna atakayemuuliza anataka nini.

Gari la Njombe linatoka alfajiri, shangazi hajaamka. Nikimchukua, baba hatanisamehe, na mwalimu anaweza kuturudisha. Nikimwacha, ataondoka ananiangalia, na mimi najua anaelewa kila kitu.

Pumzika, mama. Ila niambie kwanza: ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Mwanao wa kwanza