Saa ya Bibi kwenye Kompyuta

Iman, kazi ya ualimu imenipotea.

Si wajua Bibi hasomi saa ya kizungu? Jana nikaigeuza ya kompyuta ionyeshe saa zetu, nikaondoa na zile herufi za asubuhi na jioni.

Leo kompyuta ikanikumbusha usaili wa video: 3:00. Nami kwa mazoea nikaigeuza tena kichwani, nikasema saa tisa alasiri. Kumbe saa tatu asubuhi, Iman. Saa tatu. Nilikuwa jikoni nakuna nazi.

Wameniandikia, "Tulikusubiri, dada. Tumeshampata mwengine."

Bibi hajui. Amekaa mbele ya kompyuta, aniita kwa furaha: "Mwanangu, nimeisoma mwenyewe. Saa kumi."

Namwitikia tu, "Kweli, Bibi." Nitairudishaje ilivyokuwa?