Siku Niliyompakia Mama Mkwe Mtumbwini

Jumamosi, Aprili 1956

Mvua imekatika tangu saa nne, jua limetoka, na mbuga yote ya Namawala inang'aa maji. Nina furaha hata mwandiko umepinda. Leo nimeitwa mkaidi, mwasi na mzushi, yote kabla sijanywa hata uji. Jina la nne Baba mdogo alilitamka kwa Kindamba na sitaliandika, maana daftari hili mke wangu hulisoma nikiwa sipo.

Na nina binti.

Nianze na ukweli: mimi si shujaa. Ni fundi cherehani, na kwa miaka minne tangu nimwoe Otilia sijawahi kumwambia mama yake neno hata moja. Si kwamba tumegombana. Ndiyo heshima yetu kwa wakwe. Tukikutana njiani mimi naingia majanini, yeye anajifunika khanga mpaka usoni, kisha kila mtu anashika njia yake. Nikipata samaki mzuri nampelekea kwa mkono wa Otilia, na shukrani zake hunifikia kwa mkono huohuo. Nilishazoea, na nakiri kwamba nilimpenda hivyohivyo kwa mbali.

Leo alfajiri Otilia alishikwa na uchungu. Mimba mbili za kwanza ziliharibika, na safari hii aliapa kwamba hatajifungulia mikononi mwa mtu mwingine ila mama yake, ambaye ndiye mkunga wa huku kwetu. Barabara ya kwenda hospitali Ifakara iko chini ya maji tangu Jumatatu. Na mama mwenyewe alikuwa ng'ambo ya mbuga, juu ya dungu lake, akilinda mpunga usiliwe na ndege. Shemeji yangu, ambaye humvusha siku zote, yuko kambi ya uvuvi. Mtumbwi uliobaki kijijini ulikuwa wangu.

Baba mdogo, aliyenilea baada ya baba kufariki, alinifuata mpaka ukingoni.

"Mwanamume hapandi mtumbwi mmoja na mkwewe. Mtoto atazaliwa bubu!"

"Baba, na huyu naye akifa, tutasema nani kamuua?"

Hapo ndipo majina yalipoanza kumiminika. Nilisukuma mtumbwi kwa hofu, maana na mimi naamini habari za bubu. Niliziamini tangu utotoni.

Nilipofika chini ya dungu nilimpa mama mgongo, nikayaambia maji kwamba Otilia ana uchungu. Nilisikia tu mtumbwi umedidimia kidogo, nikajua ameingia.

Sasa sikia upumbavu wangu. Anayesukuma mtumbwi kwa pondo, ule mti mrefu, husimama nyuma akitazama mbele. Lakini nikisimama nyuma ningemkodolea macho mkwe wangu njia nzima! Basi nikasimama mbele, nikampa mgongo, naye akakaa akinipa mgongo. Tukaenda hivyo, watu wazima wawili wenye akili zao, mtumbwi ukizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Maji yakaanza kutuvuta kuelekea mto wenyewe, kwenye viboko.

Nikasikia sauti nyuma yangu. "Wewe pondo, mwambie anayekushika tunakwenda mtoni."

"Pondo, mwambie mama nimeona."

Sikuwa nimeona kitu.

Tulipozunguka mara ya tatu, uvumilivu ulimwisha. "Mwanangu, geuka! Mjukuu wangu hatapokewa na adabu zako!"

Mwanangu.

Nikageuka. Kumbe mtumbwi wa gogo hauchagui mbele wala nyuma: kule alikokuwa akitazama yeye ndiko kukawa mbele, nami nikawa nyuma yake kama mtu anayejua kazi. Nikaona kisogo chake, mvi zake, khanga iliyolowa, na mabega yanayotetemeka. Miaka minne nimemwogopa mama huyu, na leo alikuwa akiogopa jambo lilelile ninaloliogopa mimi.

"Pole, mama," nikasema.

"Sukuma, baba."

Nikasukuma. Njiani niliyafikiria yale majina. Mwasi ndilo Wajerumani walilomwita babu yangu, na leo ukoo mzima tunajivunia kuwa wajukuu zake. Na mzushi? Baba mdogo mwenyewe aliitwa hivyo na wazee wake siku alipokubali maji ya ubatizo. Ameshasahau. Labda majina haya hupewa kila anayetangulia, halafu wanaofuata nyuma hujifanya njia ilikuwepo siku zote. Sisemi kwamba mimi nimetangulia popote. Mimi nilikuwa namtaka mkunga tu.

Baba mdogo alikuwa bado ukingoni. Alipotuona alijifunika uso kwa kofia. Mama mkwe akampita bila salamu, akaingia ndani kwa binti yake, na mimi nikabaki nje nikikata kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Saa nane mchana mtoto alilia. Alilia mpaka bata wa jirani wakatawanyika. Bubu gani huyo! Nilimkumbatia Baba mdogo kabla hajakumbuka kwamba amenikasirikia, naye akacheka, meno yake yote matano nje. Halafu akakumbuka. Akasema kucheka ni kucheka na mwiko ni mwiko, Jumapili ijayo, si ya kesho, baada ya misa nikajieleze mbele ya wazee.

Mlango ukafunguliwa. Mama alitoka na mtoto, na desturi inataka amkabidhi mwanamke mwingine, ndipo huyo aniletee mimi. Mama Rosa, jirani yetu, alikuwa tayari amenyoosha mikono. Mama akampita. Akaja mpaka nilipo, mbele ya watu wote, akanitazama usoni.

"Otilia mzima. Pokea mwanao, mkaidi mwenzangu."

Vidole vyake viligusa vyangu. Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Sikudondoka, sikupofuka, na mtoto aliendelea kupiga kelele.

Sasa jioni inaingia, Otilia amekunywa uji na analala. Bado naogopa kikao cha Jumapili, maana wazee wananizidi maneno na baadhi yao nawapenda sana. Lakini punde hivi mama amechungulia hapa ninapoandika, mtoto begani, wala hakusema na mlango au kikapu kama alivyosema na pondo. Ameniuliza mimi, kwa mdomo wake, Jumapili tutoke saa ngapi.