Watoto Kumi na Wane wa Asumani

Kisangani, tarehe 5 Novemba 1964

Kwa mudogo wangu Zaina,

Salamu mingi. Mimi niko muzima, na ninatumaini wewe na Mama muko wazima vilevile. Uniambie kama mugongo wa Mama ungali unamuuma, na kama zile dawa nilituma zilifika.

Bon. Ninakuandikia sababu nimekuja Mangobo mara mbili, na mara mbili haukufungua mulango. Nilisikia redio, donc mulikuwa ndani. Kaka yako mukubwa hatakuja mara ya tatu.

Serikali ya mapinduzi imeamua shule zifunguliwe siku ya kwanza, tarehe 9. Mimi niko sekretere wa biro ya elimu, na shule zote za Mangobo wameziweka mukononi mwangu. Klasi ya mwaka wa kwanza iko yako. Utafundisha juma nzima, asubuhi tu. Siku ya posho, mwisho wa juma, utampa Feruzi, planto wetu wa kupeleka barua, karatasi mbili. Ya kwanza ni ripoti: kila siku ulifundisha nini. Ya pili ni liste ya watoto: jina ya mutoto, jina ya baba, kazi ya baba. Usisahau kazi ya baba.

Habari ya Direkta Alexis wa shule yenu sitaki kuisikia tena. Waliomuita ni wengine, haikuwa biro yetu.

Umusalimie Mama.

Yaya yako,
Asumani


Mangobo, tarehe 6 Novemba 1964

Yaya Asumani,

Salamu zako tumezipokea. Mama anatembea. Dawa zilifika, ziko juu ya kabati, kamba haijafunguliwa. Anasema usimuulizie tena mugongo wake kwa barua.

Ile haikuwa redio. Ilikuwa Mama na mimi, tulikuwa tunazungumza juu yako.

Unasema waliomuita Direkta ni wengine. Mimi nilikuwa kwenye dirisha ya klasi yangu tarehe 20 Oktoba. Jeep yenu ilisimama katikati ya uwanja. Wapiganaji walikuwa wane, na hakuna hata moja aliyemujua Direkta. Walibaki pale wanaangalia walimu wanaume watatu, hawajui yupi ni yupi. Wewe ndiye ulishuka, ukanyoosha kidole. Alikuwa anatengeneza kiti ya mutoto, misumari mudomoni. Hawakumuacha hata aiteme. Mpaka leo hajarudi. Muke wake, Odile, anapeleka chakula gerezani kila siku, na kila siku wanamurudishia sahani imejaa.

Nitafungua klasi. Ni sababu ya watoto, wamekaa nyumbani tangu Agosti na hakuna kitu wanajifunza isipokuwa kutofautisha milio ya bunduki. Ripoti utaipata. Lakini kazi ya baba ni ya nini? Kumufundisha mutoto wa miaka sita kusoma A, sihitaji kujua kama baba yake alikuwa karani wa Wabeleji.

Mudogo yako,
Zaina


Kisangani, tarehe 7 Novemba 1964

Zaina,

Nimefurahi kusikia Mama anatembea. Afya yangu haukuiuliza. Niko muzima.

Unaandika kama mutu asiyejua anaishi katika muji gani. Hii liste haiko yangu, ni Kamanda wa wapiganaji anaitaka. Anasema makarani wa zamani wamejificha, lakini watoto wao watatumwa shuleni, alors njia ya kupata baba ni kumuuliza mutoto. Mimi nilimwambia hakuna haja ya kuuliza watoto, mwalimu ataandika. Nimekukinga na haujui. Usipoandika, atatuma watu wake klasini, na wale hawaulizi kwa upole.

Na unikumbuke kidogo. Papa alisema binti wa Kiislamu haendi kusoma kwa masista. Nani alikushika mukono akakupeleka? Nani alipigwa fimbo na Papa sababu yako, jioni ile ile, mbele ya majirani? Kama leo unajua kuniandikia matusi, ni juu yangu mimi. Unifanyie kazi hii moja.

Jina ya mutoto, jina ya baba, kazi ya baba. Siku ya posho, kabla ya saa sita.

Yaya yako,
Asumani


Mangobo, tarehe 14 Novemba 1964

Kwa Sekretere wa biro ya elimu, ambaye ni yaya yangu,

Mama na mimi tuko wazima. Na wewe? Safari hii nimeuliza.

Ripoti ya juma ndiyo hii.

Siku ya kwanza. Mwaka jana klasi ilikuwa na watoto arobaini na wawili. Wamekuja kumi na moja. Nilifundisha herufi M. Tuliitafuta katika maneno: mama, maji, mbila, makemba. Mutoto moja akasema mitrayeti. Wengine hawakucheka, wote wanaijua ile bunduki. Niliiandika kwenye tablo pamoja na mengine, sababu kweli inaanza na M.

Siku ya pili. Kumi na watatu. Hesabu, moja mpaka tano. Kila mutoto alileta kokwa tano za mbila za mawese, tukaongeza, tukaondoa. Niliuliza: "Mama iko na ndizi za makemba tano, mbili zimeliwa, zinabaki ngapi?" Mutoto moja akajibu: "Mwalimu, ni nani amezikula? Kama ni wale wa jeep, hakuna inayobaki." Jina yake sikuandikii.

Siku ya tatu. Kumi na wane. Somo la kuangalia vitu. Nilileta mayai mawili, moja nikaipasua katika sahani. Saa ine mupiganaji moja akaingia, mutu muzima na ndevu, ngozi ya chui kichwani, akakaa kwenye kiti ya mbele. Unajua dawa yao, mutu mwingine akiwagusa nguvu inatoka. Akasema: "Musiniguse." Klasi yetu ni nyembamba, Asumani. Watoto kumi na wane walijibana ukutani karibu saa nzima, mikono nyuma, hawapumui vizuri. Mimi niliendelea. Niliuliza: "Hii ya manjano inaitwa nini?" Akajibu yule mupiganaji: "Kiini." Nikasema ni sawa. Kutoka, alichukua ile yai nzima.

Siku ya ine. Kuandika. Kaye za kuandikia hakuna, tuliandika kwa kijiti kwenye muchanga wa uwanja. Kila mutoto anajua sasa kuandika jina yake ya kwanza. Ya baba nimewafundisha kuisahau. Nikiwauliza "Baba yako ni nani?" wanajibu wote pamoja: "Baba yangu ni baba." Nikiwauliza "Anafanya kazi gani?" wanajibu: "Anakula, analala." Tulirudilia mara ishirini. Hakuna somo walilishika haraka kama hilo.

Siku ya tano. Tulikuwa tunapima urefu wa klasi kwa hatua. Bunduki zikaanza kulia upande wa muto Tshopo. Tulilala chini ya viti. Pale chini niliwafundisha kuume na kushoto: inua mukono wa kuume, inua mukono wa kushoto, polepole, bila kuinua kichwa. Mutoto moja akajikojolea na akaanza kulia kwa haya. Zilipotulia, nilichukua ndoo nikamwaga maji klasi nzima, nikasema leo tunaosha chini. Hakuna aliyejua ni nani.

Siku ya posho, yaani leo. Tumefagia, tumeimba, nimewarudisha nyumbani saa tatu.

Sasa liste. Ripoti hii Feruzi anakuletea wewe. Liste nimemuomba aiweke moja kwa moja kwenye meza ya Kamanda, sababu ingepita kwako ungeisahihisha. Watoto ni kumi na wane. Kwa kila moja nimeandika jina yake ya kwanza. Kwa jina ya baba nimeandika: Asumani. Kwa kazi ya baba: sekretere wa biro ya elimu. Nimeiandika mara kumi na ine, kwa mwandiko muzuri.

Kamanda akikuita, unaweza kumwambia mudogo yako ni mwongo. Atatuma watu wake klasini na wewe utawaonyesha njia, unaijua. Ama unaweza kusema ndiyo.

Mudogo yako,
Zaina


Kisangani, tarehe 16 Novemba 1964

Zaina,

Sitakuuliza habari. Za kwangu nitakupa, uzisikie.

Jana waliniita. Kamanda alikuwa anakula lituma ya ndizi na samaki, liste iko kando ya sahani. Wapiganaji wawili mulangoni. Hakunikaribisha kukaa. Akasoma jina moja moja, mudomo umejaa, na kila mara akaniangalia. Halafu akasema:

"Watoto kumi na wane, wote mwaka wa kwanza?"

Zaina, nilikuwa na neno tayari. Neno lilikuwa: mudogo wangu ni kichaa. Lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikasikia sauti yangu inasema:

"Ndiyo, Kamanda."

"Uko na wake wangapi?"

"Wane. Niko muislamu."

"Hata wane hawazai hivi."

"Wengine ni wa ndugu zangu waliokufa. Nawalea mimi."

Akashuka na kidole mpaka jina ya tisa. "Micheline. Hii ni jina ya kiislamu?"

"Mama yake ni mukristu," nikasema.

Alitafuna muda murefu. Mwisho alinipa kalamu, akasema nitie sahihi chini, kwamba ni wangu wote na kosa lao litakuwa kosa langu. Nikatia. Akapiga muhuri juu ya jina yangu.

Sasa unisikilize. Niko na muke moja na watoto wawili, ambao uliwasahau kabisa wakati ulikuwa unaandika na mwandiko wako muzuri. Ulitoa shingo yangu bila kuniuliza. Kama ni kisasi cha Direkta, umekipata, tumemaliza.

Umutoe Micheline katika ile klasi leo leo. Kamanda hajasahau ile jina. Na usiniandikie tena.

Asumani


Kijiji kimoja nyuma ya Bengamisa, tarehe 19 Januari 1965

Kwa mudogo wangu Zaina,

Ninakusalimu sana. Je, uko muzima? Mama iko muzima? Nimesikia kwamba siku ile askari wa wazungu waliruka na parashuti, Mangobo ilipigwa. Hapa hakuna mutu anayenipa habari ya kweli. Barua hii inakuja na Mama Agathe anayeuza majani ya pondu, umujibu kupitia kwake.

Mimi nilitoka muji tarehe 24 Novemba pamoja na wengine, kwa barabara ya Banalia. Muke wangu na watoto wako kwa baba mukwe, wako salama. Kamanda alikufa njiani. Mimi miguu imevimba, na ninakula mihogo mibichi. Sitaki kukuambia zaidi.

Askari walikuta karatasi zetu zote katika biro. Jina yangu iko kwenye kila moja, hata kwenye ile liste yako, na muhuri juu yake. Wananitafuta. Lakini hapa Bengamisa askari wamewapokea watu waliotoka porini na barua ya padri ao ya mwalimu, wamewafunga bila kuwaua. Donc ninakuomba. Andika kwamba mimi, Asumani, nilificha watoto kumi na wane wa Mangobo chini ya jina yangu, mbele ya Kamanda, na hakuna baba hata moja aliyepatikana. Ni kweli na unajua ni kweli. Sikuombi zaidi ya hiyo.

Najua niliandika usiniandikie tena.

Yaya yako,
Asumani


Mangobo, tarehe 27 Januari 1965

Yaya Asumani,

Niko muzima. Mama iko muzima kadiri anavyoweza, paa yetu ilitobolewa na tunalala kwa jirani. Nilimusomea barua yako. Aliomba nirudilie pale kwenye miguu.

Klasi inaendelea. Wako ishirini na sita sasa, tumefika herufi T. Juzi kapiteni moja wa serikali iliyorudi alikuja. Aliwapa watoto biskuti, halafu akaniomba liste: jina ya mutoto, jina ya baba, na baba alikuwa wapi tangu Agosti. Nikamwambia nitaitafuta. Ninaitafuta bado.

Direkta Alexis hakupatikana. Walipofungua gereza hakuwamo, na hakuna anayesema alikwenda wapi. Odile amevaa nguo nyeusi. Mutoto wao Micheline iko kwangu asubuhi, anakaa kwenye kiti ya pili, anaandika vizuri kuliko wote.

Unaniomba niandike kwamba uliwaficha watoto. Ni kweli. Nitaandika, na yale maneno uliyomujibu Kamanda nitayaweka moja kwa moja. Lakini katika karatasi hiyo hiyo nitaandika kwamba tarehe 20 Oktoba ulishuka katika jeep na ukamuonyesha Direkta kwa kidole, na pasipo wewe wasingemujua. Hiyo nayo ni kweli. Sitaandika moja nikaacha nyingine. Na kabla ya kufunga bahasha nitamusomea Odile yote, tangu juu mpaka chini, akiwa amekaa mbele yangu.

Kapiteni anaweza kukuacha kwa sababu ya kwanza, anaweza kukuua kwa sababu ya pili. Mimi sijui. Unijibu kama unaitaka barua ya namna hiyo. Kama hauitaki, nitanyamaza, na hakuna mutu atakayejua uliniomba.

Mama amefungua zile dawa, anapaka.

Mudogo yako,
Zaina


Nyuma ya Bengamisa, tarehe 1 Februari 1965

Kwa mudogo wangu Zaina,

Salamu kwako na kwa Mama. Miguu ni vilevile.

Andika yote mawili.

Na uongeze la tatu, ambalo haukuliona. Katika jeep, Direkta alikaa karibu nami. Alikwisha kutema misumari. Tulipofika posta aliniuliza kama nitamuangalia mutoto wake. Hakuniomba kitu kingine. Mimi niligeuza uso upande wa barabara, na sikumujibu mpaka tukafika. Uliandike hivyo, na umusomee muke wake.

Siku ya ine asubuhi ninatoka, ninakwenda kusimama mbele ya askari wa Bengamisa. Barua yako ikinitangulia, ni sawa. Isiponitangulia, nitawaambia mimi mwenyewe, kwa mupango huo huo.

Yaya yako,
Asumani