Nundu Chini ya Hadubini

Jumatatu, 4 Machi

"Makomredi! Wapiganaji wenzangu wa foleni na sahani!" Hivyo ndivyo nilivyofungua mkutano wa wanafunzi bwaloni. Nikainua chupa: nzi wadogo arobaini ndani ya spiriti, niliowatega jikoni. Nzi wa matunda, nikanguruma, wazaliwa wa uchafu wa mpishi! Makofi. Mama mpishi alisimama mlangoni na mwiko wake.

Jumatano, 6 Machi

Mpishi amesimamishwa kazi. Miaka kumi na tisa! Barua imenukuu maneno yangu — yangu mimi. Wenzangu wananipongeza.

Nzi hawajapungua. Leo wamejaa msalani, ambako hakupikwi kitu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempelekea chupa fundi wa maabara, tunayemwita Mzee Lenzi. Akauliza: bawa umelitazama? Sikulitazama. Nilitega jikoni tu, kwa kuwa jikoni ndiko nilikotaka wawe. "Komredi," akasema, "umeshatoa hukumu, na mshtakiwa hujamwona hata mgongo?"

Nikainamia hadubini. Mgongo — nundu! Kichwa kimezama chini yake. Paja la nyuma pana, bapa. Mishipa minene imesongamana kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Iliyobaki myembamba kama unywele, imelala mshazari, hakuna hata mshipa mmoja wa kuikata. Si nzi wa matunda. Ni familia ya foridi, nzi wa nundu. Hawa hukimbia kwa kushtukashtuka kabla ya kuruka. Niliwaona wakikimbia ukutani, nikadhani wamelewa siki ya mtego wangu! Mabuu yao hukulia katika chochote kinachooza. Wakizidi namna hii, asema Mzee, fukua sakafu: bomba la majitaka limepasuka.

Ijumaa, 8 Machi

Tumeng'oa kigae kimoja msalani. Udongo mweusi, umelowa, unachezacheza kwa mabuu.

Mwenyekiti wa kamati yetu anasihi ninyamaze. Ukikiri kosa, asema, nani atatusikiliza tena? Tudai kimyakimya bomba litengenezwe, basi.

Nikaenda kwa mama mpishi. Alikuwa akikunja aproni zake, nyeupe pe, za kurudisha. Nikaomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, ulinisema mbele ya watu mia nne. Radhi unaniletea sebuleni?"

Nikamwalika kwenye mkutano mwingine, nikiri mbele ya wale wale mia nne. Mimi!

Hakusema kama atakuja. Mwenyekiti ameshabandua tangazo langu mara moja. Nimebandika jingine, kwa gundi ya maabara: Kesho Jumamosi, saa kumi alasiri, bwaloni. Hadubini itakuwa mezani.