Mstari Ulioufuta Ihembe

Baba,

Shikamoo. Nilianza na "Mpendwa baba", nikalitoa lile neno la kwanza. Kufuta ulinifundisha mwenyewe, kwa hiyo usinune.

Nimerudi kwenye kuchora. Kila Jumamosi, nikishamaliza kufua, nakaa kibarazani kwenye nyumba niliyopanga hapa Mabira, najaza ukurasa mmoja kwa mistari iliyonyooka, wa pili kwa miduara, wa tatu kwa maboksi. Nafuata mafunzo ya wanaoanza kwenye simu. Mwalimu anasema finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, kisha uchore kinachobaki. Nilicheka kwa hasira, maana wewe uliniambia hayo hayo zamani, nikiwa bado sijamiliki hata viatu vya shule.

Unaikumbuka karakana yako? Ulikuwa unachora kitanda cha mteja juu ya ubao kwa ile penseli bapa, mistari sita tu, na mteja anakitambua kitanda chake. Mimi nilikuwa nachora mgomba na kila mchaniko wa jani, mpaka karatasi inalowa jasho. Ukanishika mkono. "Finya macho. Shina moja, majani matatu, mkungu. Mtu akijua ni mgomba, inatosha." Siku ile nilikupenda, baba, na nalisema hilo nikiwa na hasira zangu zote. Nilikwenda shule na penseli yako nyuma ya sikio, wakanicheka.

Ndiyo maana uliponituma nichore kibanja chetu, shamba letu la migomba kule Ihembe, nikiwa kidato cha pili, nilikimbia. Ulisema unataka karatasi ya kuweka sahihi mbele ya wazee wa ukoo, ili ukiondoka watu wasigombane. Nilizunguka siku nzima. Nikaweka nyumba, njia, kahawa, hadi shimo la kuivishia ndizi. Katikati nikachora safu ya miramura, ile mimea ya mpaka aliyoipanda babu kwa mkono wake alipomkatia mama sehemu yake, wiki alipoingia nyumbani kama mke wako. Kwetu hata mtoto anajua miramura haing'olewi.

Uliitazama ramani kwa muda, ukachukua kifutio.

"Umejaza vitu," ulisema. "Weka mpaka wa nje tu. Huu wa ndani unachafua."

Nikafikiri ni somo. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, hakuitwa kuangalia. Nikachora upya, safi, ukanisifu mbele ya wazee, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Siku ya kumaliza msiba wako karatasi ilisomwa. Kibanja chote ni cha kaka Deusdedit, mwana wa mke wako wa kwanza. Mama akasema sehemu yake ina mpaka. Wazee wakautafuta kwenye ramani, hawakuuona. Mmoja akauliza nani alichora. Nikanyoosha mkono, mtu mzima mimi, kama niko darasani. Nikaeleza kwamba uliufuta, wakanitazama kwa huruma, binti anamtetea mama yake. Wiki ile ile Deusdedit aliing'oa miramura yote akaitupa njiani. Mama aliipita hapo na sanduku lake kichwani.

Ulijua. Nimekutafutia udhuru miaka yote hii, sijaupata. Ulijua nakuamini, ukautumia mkono wangu. Hilo linaniuma kuliko ardhi, ingawa mama anaililia ardhi.

Sasa anakaa nami. Ananunua ndizi sokoni, mwanamke aliyekuwa akiwagawia majirani mikungu. Jumamosi iliyopita alikuja kibarazani akanikuta nahangaika na mgomba wa jirani. Mgomba ulikuwa umenishinda. Kila jani naliweka, naogopa kuacha kitu. Alitazama kwa muda, halafu akaniuliza taratibu, "Kule nyumbani, mwanangu, unaweza kupachora?"

Nikafinya macho kama ulivyonifundisha. Nyumba ikapotea. Kahawa ikapotea, na njia, na mpaka wa nje, hata wewe uliyesimama mlangoni na kifutio chako. Nikavuta mstari mmoja katikati ya ukurasa, toka juu hadi chini, nikampa.

Mama aliushika ukurasa kwa mikono miwili. Hakuuliza ni nini. Alipitisha kidole juu ya mstari, akakisogeza upande wa kulia. "Hapa ndipo yalipokuwa maharage yangu."

Kisha akakishusha kidole kidogo, akakiacha hapo. Nilijua amefika wapi. Siku tulipokuzika, kabla karatasi haijasomwa, ni yeye aliyewaonyesha wachimbaji mahali, kwenye udongo wake laini, penye kivuli, ili usipate taabu.

Kaburi lako liko kulia kwa ule mstari, baba. Umelala kwa mama.

Mimi,
binti yako uliyemshikisha penseli