Mama Anasema Nikuulize Rangi ya Rido

Tata,

Mama anasema nikuulize.

Asubuhi, mbele niende ku kazi, nilipita kwake kumuuliza juu ya rido ya madirisha: tushone ya bulu ao ya rangi ya chai ya maziwa? Alikuwa anatosha mawe mu mupunga, hata hakuinua macho. "Uliza tata yako." Nikamuuliza: chini mu salon tuweke karo, bigae ya kubandika, ao balatum, plastiki ya kutandika? "Uliza tata yako." Na rangi ya bibambazi je? "Kapinga, uko na masikio? Uliza tata yako." Basi niko hapa mu darasa, batoto beko inje banacheza, na mi mwalimu yao ninaandikia, mu kaye ya masomo, mutu mwenye tulizika mu mvua, ili anisaidie kuchagua rido. Nimechoka, Tata. Nimechoka mpaka mu mifupa.

Nikupe habari kwanza. Kalala amepata kazi ku Kingamyambo, kule banasafisha tena ile michanga ya zamani ya shaba. Siku hizi mutoto yako anasema na sauti ya mutu mwenye kupata mushahara, na akiingia mu nyumba anapima kila kitu na macho. Njo ye alinunua karo, nyeupe, ya mistari ya kijivu. Karton yake imepangwa ku baraza, na vumbi ya makamyo ya mine ya Mashamba imeikalia vizuri, batoto ya jirani banaandikaka majina yao juu yake. "Yaya," Kalala ananiambia kila siku, "tuweke karo, kiisha." Mujukuu yako, mutoto yangu, ananitumia picha za rido mpaka telefone inakataa kufunguka. Bwana yangu ye anauliza swali moja tu: salon ya mama yako itaisha lini, nile bukari ya mikono yako? Bote ninabaambia bangoje.

Na Tantine Ngalula, dada yako, anapiga telefone kutoka Kasaji. Hasalimie hata. "Salon imeisha? Mi ninakuya kuinua bibi ya kaka yangu, sikuyi kuangalia ndoo ya rangi!" Mara mbili amefunga mizigo, mara mbili nimemwambia angoje kidogo.

Desturi ni yako, Tata, unaijua kunipita. Siku ulikufa balitosha biti na meza yote inje, balishusha rido, Mama akakalishwa chini ku mukeka mu salon tupu. Pale njo analala mpaka kilio imalizike, na kilio haimaliziki mpaka dada yako amushike mukono, amuinue, amukalishe ku kiti mu salon yenye kutengenezwa upya. Salon mupya, kiisha Mama anainuka. Si kinyume. Sasa tuko mu miezi ya baridi, na unajua baridi ya Kolwezi. Bibi yako analala ku sima baridi ya chini, anakohoa, mikono yake imekuwa membamba mpaka pete inazunguka yenyewe. Nikimwambia arudi ku kitanda hata mbele ya sherehe, anasema Mungu anaona. Mi ninaona pia. Ninaogopa kwamba tukiendelea kubishana juu ya rido, tutamuzika naye.

Lakini ile pavema, Tata, ile sima ya chini mu salon. Njo iko inanimaliza.

Ile pavema nyekundu ni yako. Kila siku ya posho, mbele jua ipande, ulikuwa unafungua mukebe ya sira nyekundu, ile ya kungarisha sima, harufu yake inajaa nyumba muzima. We unapakaa na kitambaa, mi ninakuya nyuma na bipande ya blanketi ya zamani yenye kufungwa ku miguu, ninateleza, ninasugua, ninaangusha kiti. Ulikuwa unaimba ile sauti yako ya tenor ya koro, unakata wimbo katikati: "Kapinga, kona! Uchafu inajua kona!" Kambi yote balikuwa na pavema ya vile, toka wakati babu alitoka Kasai kuya kutumika mu mine ya shaba. Bengine balishaga kuivunja, baliweka karo. We ulikataa. Uliniambia karo haikukumbuke, lakini sima inakumbuka miguu ya kila mutu.

Sasa nikuambie kitu chenye haukuona, juu ulikuwa umefunikwa. Ungecheka mpaka ukohoe.

Ile asubuhi Kalala alinipigia kutoka hospitali. Alipumua tu mu telefone, nikajua. Nikajua pia kwamba batu banakuya, batakuwa bengi, na nyumba ya Tata haiwezi kupokea batu ikiwa na vumbi. Mikono yangu haikuniuliza. Ilifungua mukebe. Nilipakaa sira mu salon yote, na kona, ninalia, ninasugua, ninalia. Nilipomaliza ilikuwa inangaa. Nilisahau kitu kimoja, chenye hata mutoto ya kambi anajua: sira mupya inahitaji siku mbili ya kukauka.

Bamama balikuya, balikaa chini. Bamama ya kanisa, na ile bluzi yao nyeupe! Tantine Ngalula alifika na piki-piki kutoka gare ya treni, akajitupa chini kupita bote, akajiviringisha toka mulango mpaka dirisha: "Kaka yangu! Unaniachia nani!" Siku ya kukuzika, balisimama kukusindikiza. Ee Mungu wangu. Nyekundu! Bikwembe nyekundu, mikono nyekundu, matako yote ya kilio nyekundu. Ulienda ku makaburi na musururu ya bamama benye alama moja nyuma, na pasta alikohoa mara tatu juu ya kuficha kicheko. Nilitamani unitolee nafasi mu sanduku yako, niingie. Kiisha nikaangalia Mama. Alikuwa anaangalia nyuma ya Tantine. Alichukua kitambala yake, akaiuma na meno, mabega yakatikisika. Batu balimukumbatia, "Pole mama, lia, lia." Mi ninamujua mama yangu. Alikuwa anacheka.

Tangu ile siku sijamuona akicheka tena. Na Tantine ameapa: akikuta pavema nyekundu, analala ku hoteli. Njo maana ya karo.

Unakumbuka vile tulikuwa tunafanya? Tangu niko mudogo, Mama ananituma: "Uliza tata yako." Rangi ya mulango, kitambaa ya meza, kama tununue kabati yenye kioo. Ninakuya kwako ku baraza, unatengeneza gurudumu ya kinga, unasafisha redio, na mbele ya kunijibu unashusha sauti: "Ye anataka nini?" Mi ninajua, juu niliangalia mikono yake ku soko. "Anataka ya manjano, Tata. Aliishika mara mbili." Unainua kidevu juu, mutu mukubwa anafikiri. Kiisha unapaza sauti ifike mpaka mu jikoni: "Manjano!" Na kwangu polepole, na kidole ku mudomo: "Usimwambie." Nyumba yote ilichaguliwa vile. Hata jina ya Kalala. Na Mama anaelezea bajirani kwa majivuno: "Ah, mi sijui kitu, bwana yangu njo anachaguaka yote."

Mi nilichunga ile siri, Tata. Hata leo.

Siku ya kwanza ya hii juma, maso, fundi ya kujenga, alikuya na nyundo. Alitaka kujua: avunje pavema ya zamani ao apige karo juu yake? Mama alimupikia madesu, akamulisha vizuri, kiisha akamwambia kwa heshima yote: "Ngoja kidogo, tata maso. Bado sijapata jibu ya bwana yangu." Yule fundi aliangalia Mama, aliangalia picha yako ku kibambazi, aliangalia mi. Alikunywa maji, akasema ako na kazi ingine mu mji, akaenda mbio, akasahau nyundo. Iko ku nyumba mpaka leo.

Na Tantine amepata nafasi mu treni. Siku ya tano ya hii juma anafika, na hii mara hakuna kungoja.

Jana kengele ililia, niliacha hii barua hapa; leo ninaendelea, juu jana mangaribi nilifanya kitu kibaya. Nikuambie mwenyewe mbele usikie kwa bengine. Nilitoka ku masomo nimechoka, kichwa inaniuma, Kalala amenipigia mara ine juu ya karo. Mama aliponiambia tena "uliza tata yako", niliitika: "Sawa." Nilitoka ku baraza. Nilikaa ku kiti yako ya kamba, nikaangalia zile karton. Nikangoja kidogo, kidevu juu. Kiisha nikapaza sauti, sauti yako, Tata, nikaiiba: "Karo!"

Nikaingia mu nyumba. "Mama, Tata amesema karo."

Mama aliweka lungo chini. Aliniangalia vile hajaniangalia tangu siku nilivunja sahani ya ndoa yenu.

"Muongo."

Nikasema, Mama, mi...

"Muongo mukubwa. Tata yako hata siku moja hakuchagua kitu mbele ya kuuliza mi ninataka nini. Unafikiri sikukuwa ninasikia? Mu jikoni na ku baraza kuna kibambazi moja, Kapinga, na ni ya matofali ya kambi! Miaka yote nilikuwa ninasimama na kijiko ku mukono, ninangoja ile swali yake. 'Ye anataka nini.' Nilikuwa ninakutuma juu ya kuisikia."

Alijua, Tata. Ulikuwa unamuficha kitu chenye alikuwa anakuya kusikiliza. Sijui nani kati yenu alidanganya mwenzake, na mi katikati, miguu yangu iliisha bure kwa kupanda na kushuka.

Kiisha sauti yake ilivunjika. "Tangu amekufa, batu yote bananiuliza. Karo ao balatum. Bulu ao chai. Bananiuliza mpaka kichwa inazunguka. Lakini hakuna mutu, Kapinga, hata we, hakuna mutu mumoja ameniuliza mi ninataka nini."

Nilikaa chini. Pale pale ku pavema, na robe yangu ya kazi. Nilisikia haya, Tata, haya ya kweli. Mwezi muzima ninajiita mutoto muzuri, ninabeba bipande ya bitambaa, ninapanda na kushuka, na ile swali yako ndogo, yenye nilisikia utoto yangu yote, haikunipita mu kinywa hata mara moja. Nilifikiri anashindwa kuchagua.

Nikamuuliza: "Mama. Unataka nini?"

 Kamyo ilipita ku barabara, sahani zikalia mu kabati ya jikoni. Alipangusa pavema na kiganja, pole, vile mutu anapangusa uso wa mutoto.

"Ninaogopa kuinuka," alisema. "Nikiinuka pa hii mukeka, njo atakuwa amekufa kabisa."

Tulilia. Sitakudanganya, tulilia sana, mi na ye, hata moto ya jikoni ikazimika. Kiisha akapangusa macho na kitambala, akavuta pumzi, na akaanza kusema, na kila kitu ilikuwa tayari mu kichwa yake, Tata, ilikuwa imepangwa zamani. Pavema ibaki nyekundu. Karo iende ku baraza na mu duche, pa kuoga, Kalala asinune. Bibambazi nyeupe, rangi ya kufuta na maji, juu ya vumbi. Na kitanda.

"Ninataka kulala ku kitanda, upande ya tata yako. Upande yangu iko na shimo, na nimechoka na baridi."

"Na rido, Mama?"

"Rido, uliz..."

Alijikamata. Aliangalia mulango ya baraza.  Kiisha akainua kidevu, akapaza sauti ifike mpaka mu jikoni, na mu jikoni hakukuwa mutu:

"Bulu!"

Batoto banarudi mu darasa, nimalize. Kalala amenuna, lakini leo asubuhi nilimuona anafuta karton na shati yake, anapima baraza. Sira nitapakaa leo mangaribi, si kesho, ikauke mbele Tantine ajitupe chini. Kesho kutwa, siku ya tano, atamushika Mama mukono, na Mama atainuka. Hapo njo utakuwa umekufa kabisa, Tata, na mi nitakuwa nimesimama pembeni na rido ya bulu ku mikono, na sijui kama nitaweza kuangalia.

Nenda polepole. Mama nitamuchunga. Nitakuwa ninamuuliza ile swali yako kila siku, hata juu ya chumvi, na sitajibu tena mbele ye mwenyewe ajibu. Na hii barua nitaiweka chini ya mukebe ya sira, pahali hakuna mwingine anafungua.

Akikuya kwako mu ndoto, ile usiku ya kwanza ku kitanda, umuachie nafasi. Na juu ya hii barua, Tata: usimwambie.

Mutoto yako,
Kapinga